Somo: Kuandika majira ya kuchipua ukiwa Moshi

Vijana wa hapa Moshi huniletea mashairi yenye theluji inayoyeyuka na ndege wanaorudi kutoka kusini. Theluji tunayo, kule Kibo, kileleni mwa Kilimanjaro, ila sijamwona mtu akiisubiri iyeyuke ndipo apande mahindi.

Hatua ya kwanza: tafuta kilichotangulia. Machipuko ya Ulaya yana nguvu kwa sababu ya baridi iliyopita. Mshairi Mwingereza Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, anafungua The Canterbury Tales kwa mvua ya Aprili inayopenya ukavu wa Machi mpaka mizizini, na papo hapo watu wanatamani kwenda kuhiji. Majira hapo yana kazi: yanawatoa watu majumbani. Mshairi T. S. Eliot, katika shairi lake The Waste Land la 1922, akayapindua. Aprili akauita mwezi katili kuliko yote, maana unaamsha kilichokuwa kimejilalia.

Kwetu kinachotangulia ni kiu. Basi andika Februari kwanza, vumbi la njia ya Himo na mfereji mkavu kihambani, shambani kwa nyumbani, ndipo uruhusu masika ya Machi.

Hatua ya pili: chagua vitu viwili tu vinavyoletwa na mvua. Kumbikumbi wanafaa. Ua la kahawa, jeupe, lenye harufu kama ya asumini, linafaa. Mgomba haufai, uko kijani mwaka mzima.

Ukitaka arudhi, yaani kanuni za ushairi wa jadi, shika mizani (silabi) nane kwa nane katika kila mstari:

Mvua yaja na radi, watoto wote uani,
Vumbi lageuka udi, kumbikumbi milangoni.

Maswali

Mwanachama, Arusha: Shikamoo mwalimu. Jakaranda za mjini huchanua Oktoba, vuli haijakolea. Nizitumie?

Marahaba. Zitumie sana! Ua linalotangulia mvua unaweza kulifanya ahadi au uongo, na hapo shairi linapata mgogoro. Asili yake ni Amerika Kusini, lakini hata mahindi ni mgeni.

Mwanachama, Moshi: Nikiandika haiku lazima nitaje maua ya cheri?

Hapana. Haiku, shairi fupi la Kijapani, kwa jadi hubeba neno la majira, Wajapani huliita kigo, na kwao hata chura ni kigo cha machipuko. Chura wa mtaro wa Majengo anatosha.

Mwanachama, Himo: Na mapenzi, mwalimu? Mashairi mengi ya machipuko ni ya mapenzi.

Yaweke, ila masika huku ni jembe kwanza. Mpe mpenzi wako jembe ubeti wa kwanza, halafu nitumie tuone.