Anza na kopo la kupimia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kwa mnaouza dagaa Kibirizi au mawese pale Mwanga, mjini Kigoma: ukitaka moto wa ibada ya Jumapili usizimike Jumatatu, anza na kopo lako la kupimia. Litazame kitako. Kama kimebonyezwa kuingia ndani, tafuta jingine kabla hujapanga kwenda mkesha. Walawi 19:36 inadai mizani ya haki na vipimo vya haki, na "soko zima ndivyo linavyofanya" si jibu. Dagaa wapepete mchanga kwanza ndipo upime. Na vidole visikae ndani ya kopo (tunajuana!).

Halafu mstari mmoja wa mahubiri uandike juu ya ukurasa wa daftari la madeni, uusome kabla hujampigia mtu simu kumdai. Hata sauti itabadilika.

Kufunga na kuomba endeleeni. Ila Warumi 12 ikishataja bidii kwenye mstari wa 11, wa 13 inataja mahitaji ya watakatifu na ukarimu. Kwa hiyo jioni mpimie na mjane wa jumuiya yenu, na asipewe zile chenga.