Jinsi ya kusoma kura za Dixville Notch bila kuingizwa chaka

Dixville Notch ni kakijiji ka New Hampshire, Marekani, wanapiga kura ya urais saa sita usiku tangu 1960, na matokeo yanatoka chapchap kwa sababu sheria ya jimbo inaruhusu kituo kufungwa wapigakura wote wakishamaliza. Sasa ukiona TV inashangilia, kwanza angalia idadi ya kura, maana 2020 Biden alipata 5 kwa 0 basi watu mtandaoni wakajifanya manabii, jamani kura tano tu!

Pili linganisha na jimbo lenyewe. Januari 2024 kwenye mchujo wa chama cha Republican wa kumpata mgombea urais, Nikki Haley alizoa zote 6, kesho yake si kesho, siku hiyohiyo jioni Trump akashinda New Hampshire. Hapo ndo unajua kijiji hakitabiri kitu.

Alafu fuatilia miaka kadhaa, usishike mmoja: 1960 Nixon 9 Kennedy 0, 2008 Obama 15 McCain 6, 2012 sare 5 kwa 5, 2024 sare tena Harris 3 Trump 3. Familia moja tu ikihama, mambo yanageuka.