Wiki moja milimani Uluguru ukitokea Dodoma: jinsi ya kuipanga kwa kuifuata mvua

Mkazi wa Dodoma anayepanga safari ya milima ya Uluguru hukosea kabla hata hajafunga begi, kwa sababu anaitazama milima ile kwa kalenda ya mvua ya nyumbani. Dodoma ina msimu mmoja tu: mvua huanza Desemba, hukatika Aprili, na baada ya hapo ni vumbi hadi mwisho wa mwaka. Uluguru ina vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Upande wake wa mashariki mvua haina likizo. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na ukuta wa milima, hulazimika kupanda, hupoa na kumwaga maji. Ndiyo maana Kinole na Matombo, upande wa mashariki, ni kijani mwaka mzima, huku Mgeta, upande wa magharibi, ikipata kipindi cha ukavu kinachoeleweka.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu wanne wenye afya ya kawaida, wanaotumia usafiri wa umma. Kila kitu humu kinatii kanuni moja: milimani mvua ndiyo hupanga saa, nawe unapanga safari kuizunguka.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha chagua upande

Kipindi kizuri zaidi ni Juni hadi Septemba. Cha pili ni Januari na Februari, kati ya vuli na masika, wakati Dodoma kwenyewe mvua inanyesha. Wengi hukiacha kipindi hiki kwa kudhani nchi nzima imelowa. Machi hadi Mei usiende. Mvua zenyewe unaweza kuzivumilia, lakini njia za kuteremka hugeuka utelezi mtupu, vijito hujaa bila taarifa, na gari likikwama kwenye kona za Mgeta hakuna anayejua litatoka saa ngapi.

Kwa safari ya kwanza shika upande wa magharibi: mjini Morogoro, kisha Mgeta, Nyandira na Tchenzema. Mashariki ni kuzuri sana, ila kunataka mtu aliyekwisha kuzoea kutembea siku nzima akiwa amelowa.

Siku tatu kabla ya kuondoka, fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa mkoa wa Morogoro. Utabiri wa mkoa hautakuambia kitakachotokea kwenye bonde moja la mlima, lakini ukitaja mvua kubwa, ahirisha.

Hatua ya 2: Andika ratiba yenye siku tupu ndani yake

Siku saba, Jumatatu hadi Jumapili, ziende hivi:

Jumatatu: treni ya asubuhi ya SGR kutoka Dodoma, mchana ofisi ya hifadhi Morogoro, jioni sokoni.
Jumanne: Morningside, kupanda na kurudi siku hiyohiyo.
Jumatano: gari la asubuhi kwenda Nyandira.
Alhamisi: matembezi mepesi Nyandira hadi Tchenzema.
Ijumaa: uwanda wa Lukwangule.
Jumamosi: siku ya akiba.
Jumapili: kushuka Morogoro na treni ya kurudi.

Hiyo Jumamosi tupu ndiyo inayoibeba wiki nzima. Ijumaa ikiamka na mvua, Lukwangule inahamia Jumamosi na hakuna kilichoharibika. Ratiba iliyojazwa siku zote saba hukufanya upande mlima kwenye mvua kwa kuogopa kupoteza siku, na hapo ndipo watu huteguka vifundo vya miguu. Ijumaa ikienda salama, tumia Jumamosi kwenda kuona maporomoko ya Hululu, upande wa Bunduki, baada ya kukubaliana na muongozaji wako kuhusu hali ya njia.

Kuanza Jumatatu nako kuna sababu: kibali hutoka ofisini, na ofisi za serikali wikendi hufungwa.

Morningside imewekwa mwanzo makusudi. Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Morningside, penye jengo la zamani la enzi za Wajerumani, ni mita 1,300 hivi. Ni siku ya kupima viatu, mikanda ya begi na pumzi za kila mmoja, mji ukiwa bado karibu. Kiatu kinachouma Jumanne kinabadilishwa sokoni jioni ileile. Kikiuma Ijumaa kule Lukwangule, unarudi nacho hivyohivyo.

Hatua ya 3: Usafiri, kibali na muongozaji

Tiketi ya treni ikatwe mapema, hasa ya Jumapili ya kurudi, na kila mtu awe na kitambulisho chake. Mafuta ya taa na mitungi ya gesi si mizigo ya kupanda nayo treni, kwa hiyo nishati ya kupikia itanunuliwa Morogoro. Stesheni ya SGR ya Morogoro iko Kihonda, nje ya katikati ya mji. Ingiza nauli ya bajaji au daladala kwenye bajeti.

Misitu ya Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008, zaidi ya hekta 24,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Nenda ofisini na majina ya wote, vitambulisho na ratiba iliyoandikwa. Utapewa namba ya malipo ya serikali, utalipia kwa simu au benki, nawe utunze risiti mpaka safari iishe. Hapohapo omba muongozaji wa eneo. Usijaribu kuokoa fedha kwa kwenda peke yenu: msituni njia za wakata kuni na njia za kweli zinafanana, ukungu ukishuka huoni hatua 20 mbele, na muongozaji wa Tchenzema anajua kijito kipi hujaa kwanza.

Kubalianeni naye mambo manne kabla ya kulipa: malipo kwa siku, nani anamlisha, malipo ya siku ya akiba isipotumika, na kwamba neno lake kuhusu kugeuka ni la mwisho. Kipengele cha tatu ndicho huzaa ugomvi Jumamosi usiku kisipozungumzwa Jumatatu.

Magari ya Mgeta ni machache na huondoka asubuhi. Hufuata barabara kuu ya Iringa, huchepuka Sangasanga karibu na Chuo Kikuu Mzumbe, kisha ni kupanda kona baada ya kona. Bodaboda kwenye tope la mteremko tuiache, hata dereva akiapa kuwa anaimudu njia: tairi la nyuma likiteleza, mzigo mgongoni ndio unaowaangusha nyote wawili. Ukifika kijijini, pita kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, jitambulishe na uandike kitabu cha wageni. Kwa Waluguru yapo maeneo ya matambiko. Ukiambiwa hapa hapapigwi picha, simu irudi mfukoni bila mjadala.

Hatua ya 4: Funga mzigo kana kwamba begi litazama mtoni

Begi jipya la duka lililoandikwa kuwa halipitishi maji huvuja kwenye mishono na zipu. Kinga ya kweli iko ndani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, hivyo nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue karatasi nzito ya nailoni inayouzwa kwa mita, mita 2 kwa kila begi. Itandaze ndani ya begi ipande juu ya mdomo, panga vitu, kisha sokota mdomo wake na uufunge kwa mpira. Nguo za kulalia zipate kifuniko chao cha pili. Simu, fedha, viberiti na risiti ya kibali viingie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha.

Nguo gawa makundi mawili yasiyokutana: za kutembelea, ambazo zitalowa, na za kulalia, ambazo hazivaliwi nje hata kwa dakika moja. Asubuhi unavua kavu na kurudia zilizolowa. Inakera, lakini ukivaa zile kavu njiani, usiku wa pili huna hata moja. Suruali ya jinzi iache Dodoma. Pamba nzito hunyonya maji, hukaa mwilini na kukupora joto. Suruali nyepesi ya michezo na sweta la sufu kutoka mitumbani soko la Sabasaba, Dodoma, vinafanya kazi nzuri kwa bei ndogo.

Halijoto hushuka nyuzi 0.6 hivi kwa kila mita 100 unazopanda. Lukwangule, juu ya mita 2,400, huwa na ubaridi wa nyuzi 11 zaidi ya mjini Morogoro, na ukiongeza upepo na nguo mbichi, mtu anaanza kutetemeka mchana kweupe.

Kila mtu abebe: koti la mvua lenye kofia, linalofika chini ya makalio, soksi jozi 4, viatu vya kufunika kifundo vyenye meno marefu, tochi ya kichwani, filimbi, chupa za maji za jumla ya lita 2. Kikundi kibebe turubai la mita 4 kwa 3, kamba ya manila mita 15, pawabanki 2, na dawa: plasta za malengelenge, bandeji ya kufungia kifundo, ORS pakiti 8 na dawa za maumivu. Gambuti zinafaa kijijini kwenye tope. Kwa mlima mrefu huchubua visigino, na maji yakiingia hayatoki. Mwavuli unafaa sokoni tu.

Fimbo ya kutegemea nunua ya mwanzi kijijini, mrefu kufika kifuani. Usikate mti hifadhini.

Hatua ya 5: Chakula

Hesabu ya mtu mmoja kwa siku ya mlima: mchele au unga gramu 400, choroko au dengu gramu 100, karanga gramu 100, dagaa gramu 50, sukari gramu 60, mafuta mililita 40. Kwa watu wanne na siku tatu, hiyo ni nafaka kilo 5, choroko kilo 1.2, karanga kilo 1.2, dagaa gramu 600, sukari robo tatu ya kilo na mafuta nusu lita. Muongozaji akila nanyi, ongeza robo juu ya kila kimoja.

Maharage yaache. Yanakula nishati ya milo miwili kwa sufuria moja, na kuni za msituni si zako. Badala yake beba kutoka Dodoma mlenda mkavu wa unga. Sijaona mboga ya safari inayoushinda: hauozi, hauna uzito, gramu 100 zinatosha watu wanne, na unaiva kabla ugali haujapoa. Kabichi, karoti na njegere usinunue mjini, kwa sababu Mgeta ndiko zinakotoka.

Maji ya kijito cha mlimani hupendeza macho, lakini juu yake kuna mashamba na mbuzi. Yachuje kwa kitambaa safi, yachemshe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja kamili au zaidi, ndipo unywe.

Hatua ya 6: Siku ya mlima

Ondoka saa 12:30 asubuhi. Kwenye tope hesabu saa moja kwa kila mita 250 za kupanda, bila mapumziko. Kutoka Tchenzema hadi uwandani, tenga saa 4 kupanda na 3 na nusu kushuka. Ukungu hupenda kupanda kuelekea adhuhuri, kwa hiyo saa 6 mchana geukeni, mlikofika ndiko mwisho.

Anayetembea polepole akae mbele, wa pili baada ya muongozaji. Akiwekwa nyuma, kila mkisimama kumsubiri yeye hufika na ninyi mnaondoka, hapumziki kamwe. Koti la mvua livaliwe tone la kwanza linapodondoka, na livuliwe mvua ikikatika, maana jasho hulowesha sawa na mvua.

Msituni nyamazeni kidogo. Uluguru wapo ndege wasiopatikana kwingine duniani, kama chozi wa Loveridge, na kelele za spika ya bluetooth huwafukuza kabla hamjawaona.

Kijito kikibadilika rangi kuwa kahawia, au majani na vijiti vikianza kuelea, juu kumenyesha. Maji yakizidi magoti msivuke. Vijito vya mlimani hujaa haraka na kupungua haraka, mara nyingi kwa saa chache, hivyo kaeni chini ya turubai mle karanga. Mkilazimika kuvuka yaliyo chini ya goti, fungua mkanda wa kiunoni wa begi ili uweze kulitupa ukianguka, tazama maji yanakotoka, vuka kwa upande huku fimbo ikitangulia, na viatu vibaki miguuni.

Mtu akitetemeka, akianza kujikwaa na kujibu maswali kizembe, baridi imemwingia. Mvueni nguo mbichi zote, mvisheni kavu, mfunikeni kichwa, mpeni chai yenye sukari nyingi, mkae naye. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali imezidi kuwa mbaya: mumshushe mara moja.

Siafu wakivuka njia, rukeni upana wote wa msafara wao kwa hatua moja. Anayesimama kuwatazama huwa ameshasimama juu yao.

Mtandao wa simu hukatika mabondeni. Mwachie mtu wa Dodoma ratiba na namba ya ofisi ya hifadhi, mkubaliane saa ya kupiga kila jioni, na saa ambayo akikosa simu aanze kuulizia.

Kurudi

Jumapili shukeni na gari la kwanza. Treni yenu iwe ya jioni, kwa sababu lori moja la mboga likikwama kwenye kona huzuia magari yote nyuma yake kwa saa kadhaa. Begi likifika Dodoma lifunguliwe usiku uleule. Turubai lililokunjwa bichi huota ukungu ndani ya siku mbili. Viatu vioshwe tope, vijazwe magazeti, vianikwe kivulini, kwa sababu jua la Dodoma hubandua soli zilizogundishwa.