Laptopu iliyokataliwa na Windows 11: namna ninavyoihamishia Linux Mint

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniwekea mezani Dell Latitude E6420 akasema, "Fundi, nitafutie mtu wa kununua spea, hii imekwisha." Niliiwasha. Ilichukua dakika kama nne kufika pale pa kuingiza neno la siri, na feni ikilia kama mashine ya kukoboa. Lakini skrini nzima, kibodi nzima, prosesa ni Core i5 ya kizazi cha pili, RAM GB 4. Hakuna kilichokufa. Kilichomchosha mwalimu ni diski ya kuzunguka na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo haiitaki mashine hiyo: inadai TPM 2.0, kijisehemu cha usalama ndani ya kompyuta, na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu.

Laptopu hiyo sasa inatungia mitihani. Nitaeleza nilivyofanya ili nawe ujaribu kwako, hata kama hujawahi kugusa Linux, mfumo endeshi huria unaokaa mahali pa Windows.

Ninatumia Linux Mint, toleo lenye eneokazi la Xfce. Najua wapo watakaosema Debian tupu, aina nyingine ya Linux, ni nyepesi zaidi, na ni kweli. Ila mtu aliyezoea Windows hapotei ndani ya Mint: menyu iko chini kushoto, saa chini kulia, faili zinafunguka kwa kubofya mara mbili. Mfumo huu ulianzishwa na Clement Lefebvre mwaka 2006, umejengwa juu ya Ubuntu, nayo Ubuntu imejengwa juu ya Debian, na kazi yake inaendeshwa kwa michango ya watumiaji na wadhamini. Mfululizo wa 22 utapata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029.

Hatua ya 1: Kagua kabla hujamwahidi mtu

Ndani ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha Enter. Tazama aina ya mfumo, prosesa na RAM. Unahitaji mashine ya biti 64. RAM ya GB 2 itaingia kwa shida. Kwa GB 4 utakaa kwa amani. Nafasi ya diski isipungue GB 20.

Ukikuta prosesa ya biti 32, kama zile za netibuku ndogo za zamani, Mint 22 haiingii. Hata Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Hapo natumia antiX, Linux nyepesi zaidi, na namwambia mteja ukweli: hii itaandika barua na kucheza muziki, lakini usiitegemee kwa video za mtandaoni.

Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua SSD, diski ya kisasa ya chipu. Usianze na RAM. Diski ya kuzunguka ina mkono unaohamahama kutafuta data kama mtu anayetafuta faili kwenye kabati la masjala. SSD haina kinachozunguka. Laptopu nyingi za miaka hiyo zinapokea SSD ya SATA ya inchi 2.5, ukubwa uleule wa diski ya zamani, kwa hiyo ni kufungua skrubu chache na kubadilisha. Ya GB 120 inamtosha mtu wa nyaraka. RAM ije baadaye, na ukienda dukani beba ile ya zamani mkononi, maana RAM ya aina ya DDR3 haikai kwenye tundu la DDR4.

Ukishafungua, puliza vumbi. Shika feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Kama mashine inajizima yenyewe ikipata moto, ondoa bati la kupoozea na ubadilishe ile dawa ya kijivu iliyo juu ya prosesa. Ikikaa miaka kumi inakuwa kama chaki.

Kuna kijibetri kidogo cha duara, CR2032, kinachotunza saa. Mafundi wengi hukiruka. Kikifa, kila ukizima mashine tarehe inarudi miaka ya nyuma, halafu kivinjari kinakataa kufungua tovuti kikidai si salama, kwa sababu vyeti vya tovuti vinapimwa kwa tarehe. Nimewahi kuhangaika asubuhi nzima na "intaneti mbovu" ambayo dawa yake ilikuwa kijibetri hicho.

Hatua ya 2: Toa nakala, na uzifungue uone

Hapa sitaki haraka. Mteja mmoja aliniambia kila kitu kipo kwenye flashi. Nikafuta diski. Kumbe alichonakili kutoka kwenye eneokazi ni njia za mkato, vile vialama vyenye kamshale pembeni, faili zenyewe zilikuwa kwenye folda nyingine. Kosa lilikuwa langu, maana fundi ni mimi. Tangu siku hiyo naichomeka flashi kwenye kompyuta nyingine, nafungua faili tano au sita mbele ya mwenye mali, ndipo naendelea.

Nakili Documents, Desktop, Pictures na Downloads zote. Usisahau maneno ya siri yaliyohifadhiwa ndani ya kivinjari. Yatoe au yaandike kwenye daftari.

Hatua ya 3: Pakua Mint na uihakiki

Nenda kwenye tovuti ya linuxmint.com, chagua Xfce. Faili ni karibu GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku au nenda kwa mwenye Wi-Fi ya uhakika. Ikikamilika, usiiamini bado. Mtandao ukikatika katikati unaweza kubaki na faili inayoonekana nzima lakini ina tundu, na tundu hilo utaligundua usakinishaji ukikwama njiani. Fungua dirisha la amri ndani ya Windows, uende kwenye folda ya faili hiyo, kisha:

`certutil -hashfile linuxmint-22.2-xfce-64bit.iso SHA256`

Andika jina la faili kama lilivyo kwako. Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ulio kwenye faili ya sha256sum.txt pale ulipopakulia. Ikitofautiana hata herufi moja, pakua upya.

Hatua ya 4: Tengeneza flashi ya kuwashia

Tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa yote. Pakua programu ya Rufus, ichague flashi, ichague ile ISO (faili ya Mint uliyoipakua), kwenye mgawanyo wa diski weka MBR kwa mashine za zamani, kisha anza. Ikikuuliza namna mbili za kuandika, chukua ile inayopendekeza. Flashi ikigoma kuwaka, rudia kwa namna ya DD.

Hatua ya 5: Washa kwa flashi, lakini usisakinishe bado

Zima kabisa, chomeka flashi, washa huku ukigongagonga kitufe cha kuchagua chanzo. Kwa Dell na ThinkPad ni F12, HP ni F9, Asus mara nyingi ni Esc. Chagua flashi.

Mint itawaka yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Huu ndio wakati wa kuibana mashine maswali. Je, Wi-Fi inaona mitandao? Cheza sauti. Jaribu kamera. Punguza mwanga kwa vitufe. Funga mfuniko, subiri dakika mbili, fungua: inaamka?

Wi-Fi ikikosekana, mshukiwa wangu wa kwanza ni kadi ya Broadcom. Usikate tamaa. Chomeka simu kwa waya wa USB na uishirikishe intaneti kupitia USB. Mint itaichukua kama kebo ya mtandao. Ukishasakinisha, fungua kidhibiti cha draiva ukiwa bado umechomeka simu, kitakutafutia draiva ya Broadcom.

Kama hukubadilisha diski, fungua programu ya Disks ndani ya Mint na usome taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ya diski. Ukiona sekta zilizohamishwa zinahesabika kwa makumi, diski hiyo inaaga. Kusakinisha juu yake ni kujitafutia kesi.

Hatua ya 6: Sakinisha

Bofya alama ya kusakinisha iliyo kwenye eneokazi. Weka lugha na mpangilio wa kibodi, kisha weka tiki kwenye kisanduku cha kodeki, bila hiyo baadhi ya video hazitacheza.

Ukifika kwenye diski utaulizwa kama unataka kufuta yote au kuiweka Mint kando ya Windows. Mimi nafuta. Mifumo miwili kwenye diski ndogo inabanana, na mwisho wa siku Windows ile haina tena ulinzi. Hakikisha flashi ya nakala za mteja imechomolewa, ili usije ukafuta diski siyo. Baada ya hapo ni jina, neno la siri na kusubiri. Kwenye E6420 yenye SSD nilimaliza kabla kahawa haijapoa.

Hatua ya 7: Saa ya kwanza

Anza na masasisho yote, uwashe upya. Kisha fungua Timeshift upige picha ya mfumo, ili siku ukiharibu kitu urudi nyuma.

Kwa mashine ya RAM GB 4 au chini, naongeza hii kwa kuiandika kwenye dirisha la amri (Terminal):

`sudo apt install zram-config`

Inatenga sehemu ya RAM na kukandamiza kilichomo, hivyo GB 4 inabeba zaidi ya ilivyozoea kabla mashine haijaanza kuegemea diski. Mtu anayefungua vichupo kumi vya Firefox ataiona tofauti. Kwenye Firefox hiyo weka uBlock Origin. Matangazo yanakula RAM, na yanakula bando pia.

Sasa nyaraka, ambako malalamiko ndiko yanakotoka. LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, inafungua faili za Word, lakini Mint haiji na Times New Roman wala Calibri, hivyo inaweka fonti nyingine, kurasa zinahama, na mwanafunzi anakuja na tasnifu yenye jedwali lililokatika. Dawa yake:

`sudo apt install ttf-mscorefonts-installer fonts-crosextra-carlito`

Ya kwanza inaleta Times New Roman na Arial. Ya pili inaleta Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, kwa hiyo mistari inabaki mahali pake. Ya kwanza itakuonyesha ukurasa wa masharti. Tumia Tab kufika kwenye kukubali, maana kipanya hakifanyi kazi hapo.

Na kwa wanaodhani programu huria ni mambo ya Wazungu tu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. LibreOffice ya leo ni ya ukoo huohuo, nayo ina Kiswahili.

Simu je?

Naulizwa sana, na jibu langu ni la tahadhari. LineageOS, iliyozaliwa Desemba 2016 baada ya mtangulizi wake CyanogenMod kufungwa, inaipa simu ya zamani Android mpya. Ila simu si laptopu. Kila modeli inahitaji faili yake, na lazima mtengenezaji awe ameruhusu kufungua butiloda, yaani kufuli linaloamua mfumo gani uwake. Tafuta namba kamili ya modeli yako kwenye orodha ya LineageOS. Isipokuwepo, acha, usichukue faili ya "simu inayofanana nayo". Tecno, itel na Infinix zilizojaa mitaani kwetu kwa kawaida hazimo.

Ikiwepo, fuata maelezo ya modeli hiyo neno kwa neno. Kwa ufupi: toa nakala, maana kufungua butiloda kunafuta kila kitu, gonga namba ya toleo mara saba ili kupata chaguo za wasanidi, ruhusu kufungua, weka rikavari ya Lineage (kimfumo kidogo cha kusakinishia), kisha usukume faili ya Lineage kwa `adb sideload`; adb ni zana ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta. Unataka programu za Google? Ziweke palepale kabla simu haijawaka mara ya kwanza. Fahamu pia kwamba baadhi ya programu za benki zitakataa kufunguka kwenye mfumo usio wa kiwandani. Menyu za namba, kama *150*00# ya M-Pesa, haziulizi simu ina mfumo gani.

Kwa simu isiyo kwenye orodha, punguza mzigo. Washa utatuzi wa USB, unganisha na ile laptopu uliyoifufua, orodhesha vifurushi kwa `adb shell pm list packages`, kisha ondoa usivyotumia:

`adb shell pm uninstall --user 0 jina.la.kifurushi`

Kifurushi kinaondoka kwa mtumiaji tu, hivyo ukirudisha simu kwenye hali ya kiwandani kinarudi. Usiguse kitu usichokijua jina. Na kama betri imevimba, hata usiiunganishe na kompyuta. Badilisha betri kwanza.

Laptopu ya mwalimu niliibandikia karatasi chini, karibu na betri: "Mint 22 Xfce, SSD mpya, masasisho hadi 2029, picha ya Timeshift ipo." Fundi atakayeifungua baada yangu asianze kwa kukisia.