D-Max inazungusha stata lakini haiwaki: kutafuta na kubadilisha sensa ya krenki

Wiki iliyopita nililetewa Isuzu D-Max ya dizeli, injini ya 4JJ1, imevutwa kwa kamba kutoka njia ya Urambo. Mwenyewe ni mzee anayebeba asali. Alikuwa ameshaambiwa kwamba pampu ya dizeli imekufa, na alishaanza kutafuta mtu wa kununua ng'ombe wake wawili. Pampu ilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni sensa ya krenki, kidude kinachoenea kiganjani. Inaniuma kuona mtu anauza mifugo kwa ubovu ambao ungepimwa kwa nusu saa, kwa hiyo leo naeleza kazi hii yote.

Kwenye krenki ya injini hii, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kuna sahani yenye alama 56, kila moja imeachana na mwenzake kwa nyuzi 6, halafu linafuata pengo moja la nyuzi 30. Sensa inakaa karibu na sahani hiyo bila kuigusa. Inahesabu alama zinavyopita, na pengo likifika kompyuta inajua krenki imesimama wapi katika mzunguko. Taarifa hiyo ikipotea, kompyuta haijui nozeli ipi ipulize dizeli wala ipulize saa ngapi.

Dalili ninayokutana nayo sana ni gari kuzima likishapata moto, ukilipumzisha linawaka tena kama halikuwa na kitu. Siku zinavyokwenda, muda wa kupumzika unaongezeka, mpaka siku moja haliwaki kabisa. Stata, yaani mota ya kuwashia, inazungusha vizuri, dizeli ipo, lakini injini haishiki.

Usikimbilie kufungua. Chomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari, mtu azungushe stata, wewe tazama mizunguko ya injini. Stata nzima inaizungusha injini mara 200 hivi kwa dakika. Mashine ikikuonyesha sifuri huku unasikia injini inazunguka, umeshafika karibu. Kodi, yaani namba ya hitilafu, inayotoka mara nyingi ni P0335. Hapa mafundi wengi tunakosea. Kodi hiyo inasema njia ya umeme ya sensa ina hitilafu, na njia ya umeme ni sensa, plagi na waya wote mpaka kwenye kompyuta. Zima swichi, chomoa plagi ya sensa uikague: je, ina oili ndani, ina kutu, pini imerudi nyuma? Kisha washa swichi bila kuwasha injini, upime upande wa waya unaotoka kwenye kompyuta. Waya mmoja uwe na volti 5, mwingine uwe athi (unaorudi kwenye hasi). Wa tatu ndio unaopeleka hesabu. Volti 5 zikikosekana, usinunue sensa. Fuata waya.

Sasa iko wapi? Watu wanaitafuta juu, wanafungua mabomba ya hewa bure. Iko ubavuni mwa bloku, nyuma ya stata. Ukiiona stata umeshaiona njia.

Kwanza toa terminali hasi ya betri. Hili naomba lisirukwe, kwa sababu waya mnene wa stata unatoka moja kwa moja kwenye betri na una umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Spana yako ikigusa waya huo na bodi kwa pamoja, utaungua mkono au utawasha moto. Ukiinua gari weka stendi imara chini ya chesesi, jeki peke yake haitoshi. Subiri injini ipoe.

Safisha eneo lote kabla ya kulegeza chochote. Vumbi letu jekundu limejaa kila kona ya bloku, na ukichomoa sensa bila kufuta, mchanga unaingia ndani ya injini. Mimi natumia brashi na tambara lenye dizeli kidogo.

Toa waya za stata, uziwekee alama, legeza bolti zake uishushe kwa mikono miwili maana ni nzito. Hapo sensa inaonekana, imeshikwa na bolti moja ndogo. Toa bolti, zungusha sensa kidogo kidogo kushoto na kulia huku unavuta. Usiing'oe kwa bisibisi. Plastiki ikikatika, ncha inabaki kwenye bloku na kazi ya saa mbili inageuka ya siku mbili.

Linganisha ya zamani na mpya: urefu wa ncha, umbo la plagi, namba ya spea. Tofauti ya milimita moja inatosha kuharibu usomaji au kuifanya ncha iguswe na sahani. Paka oringi (raba ya duara inayoziba kwenye sensa) oili safi ya injini, sukuma sensa kwa kidole mpaka ikae yenyewe, ndipo ufunge bolti. Bolti isitumike kuivuta sensa ndani. Rudisha stata, waya, betri, futa kodi, washa. Liendeshe mpaka lipate moto sawasawa kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la anakotoka)

Kaliua: Shikamoo fundi. Nimepima sensa kwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), mita haisomi kitu. Imekufa?

Marahaba. Hapana, hujathibitisha bado. Hii ya waya tatu haipimwi kwa omu, unapima volti na unatazama mizunguko kwenye mashine. Omu ni kwa zile za waya mbili zenye koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa ndani.

Kasulu: Nina Hilux yenye injini ya 2KD, sensa yake nayo iko nyuma ya stata?

Hapana ndugu yangu. Yako iko mbele, chini, upande wa puli ya krenki. Na hiyo ndiyo ya koili: ikiwa baridi isome kati ya omu 1,630 na 2,740. Ipime tena ikiwa moto, kwa sababu koili iliyochoka huwa inakatika ikipata joto.

Sikonge: Nimeweka mpya, P0335 imerudi siku ya pili.

Gari linalala wapi? Kama ni karibu na ghala la mahindi au karanga, kagua waya kwa panya kabla ya kitu kingine. Halafu acha injini ingurume, tikisa waya taratibu kutoka kwenye plagi kwenda juu. Ikikohoa au kuzima, umeshika penye ubovu. Waya ukiwa salama, shuku sensa uliyonunua. Jaribu kurudisha ya zamani uone kama kuna tofauti.

Nzega: Likizimika porini na sina spea, nifanyeje? Wenzangu humwagia maji.

Usimwagie maji ya baridi bloku yenye moto, unaweza kuipasua. Fungua boneti, kaa kivulini nusu saa au zaidi. Usizungushe stata kwa zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja, na kati ya mara na mara ipumzishe, usije ukabaki huna betri pia. Likiwaka, nenda mpaka penye watu bila kulizima njiani.