Gari Jipya au Lililotumika: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Nyanda za Juu Kusini

Mkazi wa Mbeya, Iringa au Njombe huchagua kati ya magari ya aina tatu: zero kilometa (jipya kabisa), lililotumika Japani likaagizwa kupitia bandari ya Dar es Salaam, na lililokwisha kutumika hapa nchini. Kwa lile la zero kilometa, faida kubwa ni dhamana ya muuzaji. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, uliza kama karakana inayotambuliwa na dhamana hiyo ipo mkoani kwako, kwa maana safari ya zaidi ya kilometa 800 kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa ajili ya sevisi itaifuta faida yenyewe.

Ukiagiza, usiishie kwenye bei ya gari na meli. Gari la abiria lenye umri wa zaidi ya miaka 8 hutozwa pia ushuru wa uchakavu, kwa hiyo piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato) kwanza, kwani gari kuukuu linaloonekana rahisi mtandaoni huweza kukugharimu sawa na lililo changa zaidi.

Binafsi ningependelea lililotumika nchini, kwa sharti moja: lijaribiwe mlimani. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza sehemu ya nguvu zake, hivyo gari dogo lililokwenda vizuri Dar es Salaam huweza kukohoa hapa likiwa na abiria watano. Fika kwa muuzaji alfajiri bila kumpa taarifa ya saa, ushike boneti. Ikiwa ya moto, gari limewashwa kabla yako, pengine kuficha ugumu wa kuwaka kwenye baridi. (Mimi niliikuta ya moto, nikanyamaza kwa aibu, nikalinunua, na Juni nzima nikasukumwa na majirani.) Kisha lipandishe barabara ya Chunya, au mlima wa Ipogolo ukiwa Iringa, ukitazama geji ya joto na rangi ya moshi, na urudi kwa gia ndogo ukisikiliza breki. Maji ya rejeta yenye rangi ya kutu yanatosha kukufanya uondoke.

Likifaulu, linganisha namba ya chesesi na kadi, hakikisha halina mkopo wala faini, na ubakize sehemu ya malipo hadi umiliki uhamishwe kwa jina lako.