Kuzungushia kiwanja seng'enge: mwizi hupita chini

Katika kazi nyingi nilizoitwa kurekebisha hapa Kigamboni, waya wa juu nilikuta mzima kabisa. Aliyeingia alilala chali akapita chini, au alilinyanyua geti. Kwa hiyo nguvu nazipeleka huko.

Hatua ya 1: Bikoni
Hizi ni alama za mpaka wa kiwanja. Zitafute zote kabla ya kununua chochote. Mwite jirani na mjumbe wa serikali ya mtaa washuhudie, ndipo uvute kamba ya manila kutoka bikoni hadi bikoni. Nguzo zikae upande wako wa kamba. Bikoni yenyewe usiiguse, kuing'oa ni kosa kisheria.

Hatua ya 2: Hesabu
Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mzunguko wa mita 100. Nguzo moja kila mita 2.5, utahitaji kama 40. Kwa mistari sita, ukitoa geti la mita 4, waya ni mita 576, na uongeze kidogo wa kufungia. Roli huuzwa kwa kilo. Waya mnene huwa na mita chache, basi uliza urefu. Huku pwani chumvi inakula chuma, chukua galvanaizi, yaani waya uliopakwa zinki.

Hatua ya 3: Matundu ya nguzo
Nguzo nyingi za kununua zina matundu ya kupitishia waya yenye umbali sawa, ndiyo maana chini panapitika. Mimi naagiza yawe sentimita 15, 35, 55, 85, 125 na 165 kutoka usawa wa ardhi.

Hatua ya 4: Kona
Hapa usibane matumizi, maana kona ndiyo inayobeba mvuto wote wa waya. Nguzo ya kawaida ni ya futi 8, futi 2 zikiwa ardhini. Ya kona naitaka ya futi 9, futi 3 ardhini, yenye mihimili miwili ya kuegemea, kila mmoja ukifuata upande wake wa uzio. Zege ni saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Shimo kwenye mchanga hubomoka, limwagie maji kidogo kabla ya kuchimba. Nyoosha nguzo kwa pima maji, kisha mwagilia zege siku saba. Wateja hunisihi nivute waya kesho yake. Sikubali, kwa sababu kona ikishalala, mistari yote sita inalegea na kazi inaanza upya.

Hatua ya 5: Kuvuta
Vaa glavu za ngozi. Anza na mstari wa chini.

Hatua ya 6: Geti
Pini za bawaba zote mbili zikitazama juu, watu wawili wanaling'oa geti bila kugusa kufuli. Mwambie mchomeleaji ageuze pini ya bawaba ya juu itazame chini. Chini ya geti mwaga kizingiti cha zege.

Hatua ya 7: Baada ya mvua ya kwanza
Zunguka uzio mzima ukiwa na koleo. Maji yakichimba mfereji chini ya waya, pazibe kwa mawe na zege siku hiyohiyo.